Kabla Hatujauzima Wimbo

 

Swali ambalo akina mama wa Malindi na Kilifi wameniletea mara nyingi zaidi katika miaka hii ya karibuni si la swala wala la saumu. Ni la nyimbo. Mama hupita sebuleni akamsikia binti yake akiimba, neno kwa neno, wimbo ambao ndani yake mwanamke amsifu mwanamume kwa utamu wake, ataja anachokitaka, wala hangoji kuanzwa. Mama hushtuka, huizima simu, kisha huja kuuliza: Sheikh, tufanyeje? Mke amekuwa mume!

Wimbo unaotajwa zaidi ni "Sukari" wa Zuchu, uliotoka mwanzoni mwa mwaka 2021. Mwimbaji huyo, ambaye jina lake ni Zuhura Othman Soud, ni mzaliwa wa Zanzibar, naye alianza kujulikana sana mwaka 2020 alipotambulishwa na kampuni ya Wasafi ya Dar es Salaam. Wimbo wake umepita kila mahali: katika tuktuk za Shela na Barani, katika matatu za Mtwapa, na katika kumbi za harusi zetu, ambako hupigwa bibi harusi akiwa ameketi katika pambo lake na nyanya zake wamekaa safu ya mbele. Baada yake zimekuja nyingi, zake na za wengine, na baadhi ni nzito kuliko huo. Nautaja huu kwa kuwa kila nyumba yaujua.

Nitangulize jambo moja ili nisifahamike vibaya. Mas-ala ya ala za muziki yana mlango wake katika vitabu vya fiqhi, na leo sitaufungua. Na yale mavazi na mitikisiko ya kwenye video, mbele ya kila jicho, hayana wakili katika ukurasa huu. Ninalotaka kulitazama ni lile neno la akina mama, kwamba mke amekuwa mume. Twalisema kwa wepesi, na nachelea kwamba twalisema bila ya kuusikiliza wimbo wenyewe, wala historia yetu, wala vitabu vyetu.

Mtu aliyezoea mashairi ya pwani akiusikiliza wimbo kama huo ataona kwamba mifano yake si migeni. Sukari, asali, halua na tende ni maneno ya mahaba ambayo washairi wetu wameyatumia karne na karne. Kilichogeuka ni anayesifu na anayesifiwa. Katika tungo za mahaba za Mombasa, tangu zama za Muyaka bin Haji aliyefariki yapata mwaka 1840, tumezoea kumsikia mwanamume akisema na mwanamke akisemwa. Alipokuja Juma Bhalo, Allah amrehemu, aliyetutoka mwaka 2014, sauti yake ilijaa katika baraza zetu, na nyimbo zake za mahaba wazee walizisikiliza huku wakinywa kahawa chungu. Simkumbuki baba hata mmoja aliyemwendea sheikh kulalamika kwamba mwanawe wa kiume aziimba. Hilo peke yake latosha kutufanya tutulie kidogo kabla ya kunena.

Wala si kweli kwamba wanawake wa pwani walikuwa kimya hata akaja Zuchu. Siti binti Saad, mtu wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, na watu wa mwambao mzima wakamsikia mwanamke akisema ya moyoni mwake na ya mji wake. Huku kwetu palikuwa na lelemama, palikuwa na vugo ambalo akina mama hugonga pembe kwa vijiti wakimshangilia bibi harusi, na palikuwa na chakacha. Hata leso ilikuwa na ulimi. Mwanamke aliyeona haya kumwambia mumewe neno alinunua leso yenye jina linalolisema neno hilo, akajifunga na kupita mbele yake mara mbili. Mume mwenye akili alisoma akafahamu.

Chakacha ya zamani haikuwa mchezo wa hadharani. Ilichezwa na wanawake mbele ya wanawake, mlango umefungwa, wanaume wako mbali na watoto wamefukuzwa wakalale. Maneno yake yaliposhika mambo ya unyumba yaliyashika kwa mafumbo, ya jikoni na ya baharini, hata mtoto akisikia dirishani asiambulie kitu. Na aliyekusudiwa alikuwapo: ni bibi harusi, aliyekuwa siku hizo akisingwa kwa singo na kutiwa hina, na kando yake yupo kungwi, au somo kama wengine wamwitavyo. Wimbo ulipokwisha kungwi hakuondoka. Aliketi na binti akamfasiria. Alimweleza usafi na tohara, alimweleza mwili wake na mwili wa mumewe, alimweleza namna ya kuita na namna ya kukataa bila ya kuvunja nyumba. Visiwani kazi hiyo ilikuwa ya unyago, na Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, alijulikana duniani kwa uimbaji wake lakini mitaani kwao wanawake wengi walimjua kwanza kwa ngoma za unyago na kwa kuwafunda wari.

Sidai kwamba kila lililosemwa chumbani mle lilikuwa safi. Mengine wanazuoni waliyakemea, na walikuwa na haki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi kati ya mwaka 1891 na 1947 na akawa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti la Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932, na kalamu yake haikuwaonea haya watu kuhusu israfu na mila zisizo na msingi. Lakini sheikh huyo huyo aliihimiza jamii iwasomeshe wasichana. Tuliokuja baada yake tulilishika kemeo tukaliacha himizo. Tuliivunja ngoma ya kungwi, na mahali pake hatukumweka mwalimu.

Wakati huohuo wimbo ulikuwa unatoka chumbani kwa miguu yake. Mombasa, Bi Zuhura Swaleh aliuingiza mdundo wa chakacha katika taarabu yake, na kanda zikauzwa madukani, zikapigwa kwenye redio za nyumbani ambako kila mtu husikia. Hoteli za ufuoni nazo zikaichukua chakacha zikawachezeshea watalii baada ya chakula cha jioni. Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilishindana kwa mipasho jukwaani, na miongoni mwa malkia wa mashindano hayo alikuwa Bi Khadija Kopa. Zuchu ni bintiye wa kumzaa. Basi tunaposema kwamba wimbo wa binti umeanguka kutoka mbinguni twajidanganya: una mama, una nyanya, na nyanya huyo alikuwa chumba cha wanawake kilichofungwa mlango.

Leo chumba hicho kiko ndani ya simu, wala hakina mlango. Wimbo humfikia mtoto ambaye hakukusudiwa, na aliyekusudiwa humfikia bila ya kungwi wa kumfasiria. Katika mafundisho ya zamani vilikuwamo viwili, hamu na adabu ya hamu. Simu imepokea kimoja.

Mwezi wa Machi mwaka 2024 Serikali ya Zanzibar, kupitia baraza lake la sanaa, ilimfungia Zuchu asifanye sanaa visiwani kwa muda wa miezi sita, kwa sababu ya onyesho lake la Kendwa lililohukumiwa kuwa kinyume cha maadili. Wengi huku bara walishangilia. Mimi naona baraza lilikuwa na haki ya kulinda staha ya hadharani; mji una haki zake. Ila tujiulize, katika miezi sita hiyo ni binti gani wa Unguja, au wa Takaungu, aliyefundishwa lolote na marufuku ile? Miezi ilikwisha, na maswali ya mabinti yalikuwa yaleyale.

Sasa twende Madina.

Wapokezi wanasimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Allah amridhie, alikuwa akizunguka mjini usiku kuangalia hali za raia. Akapita penye nyumba moja akamsikia mwanamke akisoma beti, akilalamikia urefu wa usiku na kutokuwapo kwa mwenziwe, na akisema, kwa maneno ambayo sitayarejea hapa, kwamba linalomzuia ni kumcha Mungu tu. Zilikuwa beti za hamu, waziwazi. Umar, ambaye ukali wake kila mtoto wa madrasa aujua, hakuubisha mlango kwa bakora. Aliuliza mume wa mwanamke yule yuko wapi, akaambiwa yuko vitani. Kisha akamwendea bintiye Hafsa, mama wa waumini, akamuuliza mwanamke aweza kusubiri muda gani bila ya mumewe. Hafsa aliona haya, lakini alijibu. Riwaya zinatofautiana, nyingine zataja miezi minne na nyingine sita. Umar akawaandikia makamanda wake kwamba askari asizuiliwe vitani kupita muda huo.

Nimeisoma riwaya hii mara nyingi, na kila mara hunistaajabisha kile ambacho Umar hakukifanya. Hakuuliza ni nani aliyemfundisha mwanamke yule mashairi. Hakusema wanawake wa siku hizi wameharibika. Alisikia wimbo akaelewa kwamba ndani yake mna dai la haki, akaenda kuiangalia sheria ya likizo ya jeshi. Aliyesahihishwa alikuwa dola, na baada yake waume.

Tena ipo ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mke wa Rifaa. Aliachwa na Rifaa talaka ya mwisho, akaolewa na mwanamume mwingine, kisha akaja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumshtakia upungufu wa mume huyo wa pili katika unyumba. Alilieleza jambo lake kwa mfano ulio wazi mno, akaonyesha pindo la nguo yake. Abubakar alikuwa ameketi pale. Mlangoni alikuwapo Khalid bin Said akingoja idhini ya kuingia, akapaza sauti kumtaka Abubakar amkanye mwanamke yule asiseme maneno kama hayo mbele ya Mtume. Na Mtume? Alitabasamu. Kisha akamjibu hukumu ya mas-ala yake. Akina Khalid leo tu wengi mlangoni, twapaza sauti, na mwenye swali hajajibiwa.

Basi hamu ya mwanamke na ulimi wa kuisema havikuingizwa katika Uislamu na redio. Aya ya 187 ya Suratul Baqara imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe, na aya ya 226 ya sura hiyohiyo imempa mume aliyeapa kutomkaribia mkewe mwisho wa miezi minne. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameandika katika Ihyaa, mlango wa adabu za ndoa, kwamba mume akimaliza haja yake asiondoke kwa haraka hadi mkewe naye atimize yake. Ni kitabu kilichosomwa misikitini kwetu kwa vizazi. Ukurasa huo tumekuwa tukiupita upesi.

Sasa lile la pili, la kugeuka kwa majukumu. Zipo nyimbo ambazo mwanamke hujigamba kwamba ndiye amtunzaye mwanamume, amvisha na kumlisha, na siku akimchoka atamtoa. Hapa wazee huvuta pumzi. Lakini tuwe wakweli, sisi watu wa Malindi. Kabla ya nyimbo hizo, vijana wetu wa kiume walikuwa ufuoni wakitunzwa na wanawake wa Kizungu wenye umri wa mama zao. Nyumba zilijengwa kwa pesa zile, na pikipiki zikanunuliwa, na familia zilikula wala hazikuuliza. Kugeuka huko kulitukera kulipoimbwa na mwanamke mweusi aliyefunga kilemba. Kulipoleta mabati hakukutukera. Natamka hili kwa uchungu, si kwa kejeli.

Na kuna kugeuka kwingine kusikoimbwa. Ni kwa dada zetu walioko Saudia na nchi nyingine za Ghuba, wakifanya kazi za nyumbani kwa mikataba ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili, nao ndio walipao karo na kodi huku kwetu. Mke ndiye msafiri, mume ndiye abakiye na watoto. Rejeeni hesabu ya Hafsa: miezi minne, au sita. Miaka miwili ni miezi ishirini na minne. Yanayowapata watu wa nyumba hizo, mume na mke pia, huwafikia makadhi kwa sura ya talaka, na kabla ya talaka huwa kwa sura ya uvumi. Wala mwanamke huyo hana mashairi ya kuyasoma usiku. Ana simu yenye vocha ya dakika chache, na mtoto ndiye apokeaye.

Sheria yetu haikushangazwa na mwanamke mwenye mali. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara aliyemwajiri Mtume kabla ya utume, na ni yeye aliyetuma ujumbe wa posa, akamtumia Nafisa binti Munya. Mwanamke kuanza, basi, si tusi. Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud, aliuliza kama yafaa kumpa mumewe sadaka yake, akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Sikilizeni neno lililotumika: sadaka. Mali ya mke ni yake. Nafaka ni juu ya mume hata mke akiwa tajiri, na anachokitoa mke akitoa hisani na hakimwondolei mume wajibu wake. Mume anayepokea mshahara wa Riyadh mwisho wa mwezi kisha akadai utiifu kana kwamba yeye ndiye aliyeutuma, huyo ndiye aliyepindua mambo. Na mwanamke aliyechoka kabisa hana haja ya kumtoa mtu kwa mipasho: ipo khului, ambayo mke wa Thabit bin Qays aliiomba bila ya kumsingizia mumewe dhambi yoyote, akarejesha shamba alilopewa mahari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wimbo. Una haki katika kusema kwamba mwanamke ana hamu na ana hiari. Unapokosea ni kuifanya hamu hiyo bidhaa ya kila mpita njia, na kumgeuza mwanamume chombo cha kuchezewa, kosa lilelile ambalo nyimbo za wanaume zimewafanyia wanawake miaka mingi. Binti asikiaye hafundishwi kwamba huyo amtamaniye ana wajibu juu yake, wala kwamba naye ana neno la kukataa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Kila mmoja wetu huku Kilifi anajua nyumba ambayo hesabu hiyo ina jina. Hawakosi kusikia, wamesikia mengi. Wamekosa wa kuwafasiria.

Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Sisi wanaume twapenda kuutaja kwa sababu ya mafunzo yake ya kumtii mume. Twasahau kwamba umo pia mafunzo ya kujipamba, ya manukato na ya kuupendeza moyo, na kwamba aliyeyasema ni mama, akimwambia bintiye kwa ulimi wake, bila ya kumtuma sheikh. Mama aliyeniuliza tufanyeje ana mfano wake hapo. Asianze kwa kuuzima wimbo. Aketi, amuulize binti: huyu anasema nini, na wewe waonaje? Atastaajabu kwa anayoyajua mtoto, na zaidi kwa asiyoyajua.

Na kwa sisi wa madrasa. Muslim amepokea kwamba Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, na Ummu Sulaym alimuuliza Mtume kuhusu ndoto ya mwanamke na josho lake. Madarasa yetu ya akina mama, Mambrui, Malindi mjini, Takaungu na Mnarani, yana sira na tajwidi. Mengi hayana saa ya haya mambo. Napendekeza siku moja kwa mwezi, ya wanawake peke yao, wachumba wakiwa kwa wakati wao na mabinti wadogo kwa wakati wao, kila kundi na kiasi chake. Kikapu kiwekwe mlangoni, maswali yaandikwe kwenye karatasi zisizo na majina. Yasomwe na mwalimu wa kike, akisaidiwa na muuguzi Mwislamu kwa yale ya mwili. Lile atakalolikosa jibu alipeleke kwa kadhi au kwa sheikh wa mtaa, na asiulizwe limetoka kwa nani.